Picha ni zako, ufunguo ni wa nani?

Mama yule aliingia studio saa nne asubuhi, Jumamosi, vijana wakiwa wanapanga taa na miamvuli kwa ajili ya harusi ya jioni. Kwapani alikuwa na albamu iliyofungwa kwenye kitenge. Mwenye studio, rafiki yangu wa miaka mingi hapa Kahama, aliinuka kumpokea.

“Mwangaluka, mayu.”

“Mwangaluka, mwanangu. Si wewe uliyempiga picha binti yangu alipoolewa mwaka 2008?”

“Ndiyo mimi, mama. Karibu kiti.”

Alifungua albamu akaweka kidole kwenye picha moja. Baba wa bibi harusi amesimama chini ya mwembe, jua la saa saba likipenya matawini. Shati lake jeupe linawaka kama bati jipya. Uso umemezwa na kivuli, macho hayaonekani wala mdomo. Mzee alishafariki dunia, familia inajengea kaburi, na katika albamu nzima hiyo ndiyo picha pekee aliyosimama peke yake. “Nisaidie uso wake uonekane,” mama alisema. “Wajukuu wanauliza babu alikuwaje.”

Rafiki yangu hakuwa na wasiwasi. Harusi ile aliipiga kwa faili ghafi, na DVD zake zote amezitunza kwenye kabati la chuma. Aliitoa inayohusika, ikasoma. Majina ya mafaili yakajipanga kwenye kioo, lakini kila moja lilikuja na alama ya karatasi nyeupe. Kompyuta haikuyatambua. Akaitafuta CD iliyokuja na kamera, akaipata, nayo ikakataa kuingia kwa sababu programu yake ilitengenezwa enzi za Windows XP. Akamwomba mama arudi Jumatatu.

Picha zipo. Alizipiga mwenyewe, akazihifadhi mwenyewe, kwenye kabati ambalo ufunguo wake anao mfukoni. Ila ufunguo wa kuziona hana.

Mawe, dhahabu na marudio

Kwa asiyeifahamu kazi hii, nianze na faili ghafi ni kitu gani. Ndani ya kamera ya kidijitali kuna kihisi mwanga, bamba dogo lenye mamilioni ya vidoa. Kila kidoa kinapima rangi moja tu. Mpangilio unaotumika kwenye kamera nyingi hadi leo ulibuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, ambaye hataza yake ilitolewa mwaka 1976: nusu ya vidoa hupima kijani, robo nyekundu na robo bluu. Vipimo hivyo, kabla havijachanganywa kuwa picha, ndivyo vinavyoandikwa kwenye faili ghafi. Kamera nyingi za kazi huandika vipimo vya biti 14, yaani ngazi 16,384 za mwanga kwa kila kidoa. JPEG, picha ya kawaida tunayotumiana kwenye simu, ina ngazi 256 kwa kila rangi.

Kwa lugha ya ukanda huu, faili ghafi ni mawe yaliyotoka duarani, yaani kwenye shimo la mgodi. Mali imo, na udongo umo. JPEG ni mawe hayo hayo baada ya kamera kuyasaga, kuyaosha na kuyachoma, ikakupa kipande kinachong’aa na mabaki ikayamwaga. Kama kamera imekosea hesabu, shati likaungua na uso ukazama gizani, hakuna pa kurudi. Kilichomwagwa kimemwagwa.

Mchimbaji wa Nyarugusu au Mwime anajua hasara ya kumwaga mabaki. Zebaki hukamata sehemu tu ya dhahabu, na nyingine hubaki kwenye mchanga. Kwa miaka mingi mchanga huo ulirundikwa pembeni ya makarasha, mashine za kusagia mawe, kama takataka. Uchenjuaji wa sayanaidi ulipoenea, malundo yakabadilika jina na thamani. Sasa yanaitwa marudio, yananunuliwa, na aliyekuwa ameyatunza akavuna mara ya pili kwenye mawe aliyoyachimba mara moja.

Faili ghafi la mwaka 2008 ni marudio ya mwanga. Programu za leo zinaondoa chengachenga za gizani na kuinua vivuli kwa namna ambayo haikuwezekana siku ile picha ilipopigwa. Kamera ni ile ile, jua ni lile lile. Uchenjuaji ndio umekua. Ndiyo maana mpiga picha makini anavumilia mafaili makubwa yanayojaza diski: anajua kuna dhahabu ambayo teknolojia ya leo bado haiwezi kuitoa.

Lakini marudio yanamfaa anayeruhusiwa kuyachenjua. Na hapo ndipo kampuni nyingi za kamera zilipoweka mlango.

Makontena yaliyofungwa

Nani Shinyanga asiyekumbuka mwaka 2017? Machi mwaka huo Serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia, yaani mchanga wenye madini, nje ya nchi, na makontena 277 yakazuiliwa Bandari ya Dar es Salaam. Mchanga ulikuwa umetoka Bulyanhulu na Buzwagi, humu humu Kahama. Mei 24 kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikaeleza kwamba dhahabu iliyomo ilizidi mno ile iliyotajwa kwenye nyaraka. Kampuni ya Acacia, iliyokuwa ikiendesha migodi hiyo, ilipinga matokeo hayo. Mvutano uliisha kwa makubaliano na kampuni mama, Barrick, na kuzaliwa kwa kampuni ya Twiga ambayo Serikali ina asilimia 16.

Watu waligawanyika kuhusu hesabu ipi ilikuwa sahihi. Lakini swali lililotuumiza wote lilikuwa moja, nalo halikuhitaji maabara: inakuwaje kitu kimetoka kwenye ardhi yetu, kiko bandarini kwetu, na sisi wenyewe tunabishana ndani yake mna nini? Jibu ni kwamba tanuru la kuyeyushia lilikuwa nje ya nchi. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na mwenye tanuru ndiye ajuaye uzito wa dhahabu.

Faili ghafi la siri ni kontena la namna hiyo. Canon ina lake, Nikon lake, Sony lake, na hata kampuni moja hubadilisha. Canon ilianza na CRW, mwaka 2004 ikaja na CR2, mwaka 2018 ikaja na CR3. Kila mabadiliko yanapotokea, programu ya jana haiwezi kusoma kamera ya leo mpaka waandishi wake wakae chini waupekue muundo mpya, mara nyingi bila msaada wa aliyeutengeneza.

Unaweza kuliona jambo hili kwa macho yako. Chukua nakala ya faili ghafi, lifungue kwa programu ya kawaida ya maandishi kama Notepad. Utakutana na takataka za herufi, lakini angalia mwanzo kabisa. Faili la Fujifilm linaanza na maneno yanayosomeka wazi: FUJIFILMCCD-RAW. La CR2 linaanza na II na nyota. Mengi ya Nikon yanaanza na MM, na nyota hiyo iko jirani. Herufi hizo ni alama ya TIFF, muundo wa picha uliochapishwa hadharani mwaka 1986 na kampuni ya Aldus ili kila mtu autumie. Maana yake ni kwamba kampuni hizo zimejenga juu ya msingi wa wote, kisha zikafunga vyumba vya ndani.

Kufuli lililopigiwa kelele zaidi ni la mwaka 2005. Nikon ilitoa kamera iitwayo D2X, na ndani ya faili lake ghafi ikaficha kwa fumbo vipimo vya uwiano wa weupe. Hivyo ndivyo vinavyoiambia programu kwamba gauni la bibi harusi ni jeupe ingawa taa za ukumbi ni za njano. Picha zako unazo, lakini taarifa ya kwamba nyeupe ni nyeupe imefungiwa. Thomas Knoll, mmoja wa ndugu wawili walioanzisha programu ya kuhariri picha ya Photoshop, alilalamika hadharani. Nikon ilijibu kwamba watengenezaji wa programu wanaweza kuomba vifaa vyake rasmi vya kufungulia. Wapiga picha wengi hawakuridhika, na mwaka huo huo likaanzishwa kundi la OpenRAW kudai kampuni zichapishe miundo ya mafaili yao.

Fumbo lenyewe halikudumu. Lilifumbuliwa na Dave Coffin, Mmarekani ambaye tangu 1997 alikuwa akiandika programu ndogo ya bure iitwayo dcraw, yenye lengo moja: kusoma faili ghafi la kamera yoyote, kwenye kompyuta yoyote. Alifanya hivyo kamera baada ya kamera kwa zaidi ya miaka 20. Programu nyingi zinazosoma picha ghafi leo, za bure na za kulipia, zimepita kwenye njia aliyoifyeka.

Tutafakari hapo. Kumbukumbu za harusi, misiba na ajali za mamilioni ya watu zilitegemea bidii ya mtu mmoja aliyeamua kuvunja makufuli bila kutumwa. Tunamshukuru. Lakini huo si mpango wa kutunza kumbukumbu.

Mzani mmoja

Njia nyingine ipo. Shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilichapisha mwaka 2001 kiwango cha TIFF/EP kwa ajili ya picha za kamera. Septemba 2004 kampuni ya Adobe ikajenga juu yake muundo uitwao DNG. Maelezo yake yote yamechapishwa, na mtu yeyote anaruhusiwa kuandika programu ya kuusoma au kuuandika bila kulipa. Leica, Pentax na Ricoh ni kati ya waliouingiza kwenye kamera zao.

Tofauti yake na faili la siri ni kama tofauti ya soko la madini na chumba cha gesti ambamo dhahabu huuzwa kwa siri. Soko la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, muuzaji, mnunuzi na ofisa wa Serikali walianza kutazama mzani mmoja. Mzani haukuongeza hata gramu moja ya dhahabu, ila ulimwondoa mchimbaji kwenye kumtegemea mtu mmoja amwambie mali yake ina uzito gani. Kiwango cha wazi kinafanya kazi hiyo hiyo kwa picha.

Na lipo jambo ambalo wengi wetu hatujaligundua. Simu za Android tangu toleo la 5 la mwaka 2014 zimepewa uwezo wa kuandika faili ghafi, na muundo uliochaguliwa ni DNG. iPhone zilifuata mwaka 2016. Kijana wa bodaboda pale stendi ya Kahama mwenye simu inayoruhusu picha ghafi anaweza kutoa faili lililo wazi zaidi kuliko la mpiga picha aliyenunua kamera kwa mamilioni ya shilingi.

Kwa nini suala hili ni letu

Najua wapo watakaosema haya ni mambo ya Tokyo na California. Siyakubali maneno hayo, na nina sababu tatu.

Ya kwanza ni mkate. Photoshop CS6 ya Adobe ya mwaka 2012 ilikuwa ya mwisho kununuliwa mara moja ikawa yako. Tangu 2013 Adobe imeelekeza nguvu kwenye malipo ya kila mwezi. CS6 iliacha kupokea uwezo wa kusoma kamera mpya mwaka 2015. Fundi wa Shinyanga anayenunua kamera mpya anajikuta programu yake haiisomi, na kumbe kinachomkwamisha ni muundo mpya wa faili tu. Ndipo wengi wanapokimbilia programu za wizi zilizojaa virusi. Faili la wazi linamruhusu kuendelea na chombo alicho nacho.

Ya pili ni haki. Novemba 7, 2022 ukuta wa bwawa la mabaki la mgodi wa almasi wa Mwadui ulibomoka, na tope likafunika makazi na mashamba wilayani Kishapu. Siku kama hiyo picha huacha kuwa pambo na kuwa shahidi: tope lilifika wapi, nyumba ipi ilisimama, mti upi ulizama. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inaitaka mahakama inapopima ushahidi wa kielektroniki iangalie ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na jinsi ukamilifu wake ulivyolindwa. Faili ghafi ni shahidi mzuri kwa sababu programu za kawaida za kuhariri haziandiki juu ya vipimo vyake. Marekebisho huwekwa pembeni. Lakini shahidi ambaye lugha yake inajulikana na kampuni moja tu ni shahidi anayehitaji mkalimani wa upande mmoja.

Ya tatu ni kumbukumbu. Mwaka 1986 ulianza mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, wakati ikisemwa kwamba mkoa huu unageuka jangwa. Ngitili, yaani maeneo ya malisho na miti yanayotengwa ili yapumzike, zilizokuwa zimeorodheshwa hazikuzidi kama hekta 600. Mradi ulipofikia tamati mwaka 2004, ngitili zilizorejeshwa zilikuwa zaidi ya hekta 300,000. Hadithi kama hii husimuliwa kwa picha mbili: mlima mtupu, kisha mlima ule ule una msitu. Picha za kwanza zilikuwa za filamu. Negativu ya mwaka 1986 unaiinua juani, unaona. Haihitaji kampuni iliyoitengeneza iwe hai. Wanaopiga picha za mashimo ya Geita leo, wakitaka wajukuu waone yalivyofukiwa au yalivyoachwa, wanapiga kwa mafaili ambayo jua haliwezi kuyafungua.

Na kampuni hufa au huhama. Konica Minolta iliachana na kamera mwaka 2006. Kodak, iliyompa kazi Bayer, iliomba ulinzi wa mufilisi Januari 2012. Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walisema. Kwa picha ghafi, daftari ni yale maelezo ya muundo, yawe yamechapishwa mahali ambapo kila mtu anaweza kuyasoma.

Hoja za upande wa pili

Haki itendeke kwa kampuni. Zinasema kila kihisi kina tabia zake, kwamba zinahitaji uhuru wa kubuni bila kungoja kamati, na kwamba rangi za programu zao wenyewe ndizo bora. Kuna ukweli humo; wapiga picha wengi wanazipenda rangi hizo. Lakini kuchapisha muundo wa faili si kutoa siri ya kihisi. Anayekuuzia mawe kwa mzani wa wazi hajakuonyesha mwamba wake ulipo.

Wengine wanasema DNG nayo ni ya Adobe, kwa hiyo tunabadilisha bwana tu. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo sababu mimi sisemi watu watupe mafaili yao ya asili. Kugeuza faili kunaweza kupoteza baadhi ya taarifa za siri ambazo kampuni imeziandika. Ila tofauti inabaki: Adobe ikifungwa kesho, maelezo ya DNG tayari yako mikononi mwa watu. Ya wengine yatakwenda kaburini nao.

La kufanya

Kwa kazi ya kila siku, JPEG inatosha. Kwa kazi ambayo mtu atakuja kuiuliza baada ya miaka 20, tunza faili la asili na nakala ya DNG, kwenye diski mbili zilizo nyumba mbili tofauti. Programu ya kugeuzia ya Adobe ni ya bure. Darktable na RawTherapee, programu za kufungua na kuhariri faili ghafi, nazo ni za bure, na zinafanya kazi bila intaneti baada ya kuzipakua. DNG inaweza pia kubeba alama ya ukaguzi inayoonyesha kama faili limeharibika, hivyo unajua kabla mteja hajaja na kitenge mkononi.

Halmashauri, magazeti na vyuo vinavyonunua kamera kwa fedha za umma vina nguvu zaidi ya fundi mmoja mmoja. Kwenye zabuni wanaandika ukubwa wa lenzi na idadi ya betri. Waongeze sharti moja: picha zihifadhiwe pia katika muundo ambao maelezo yake yamechapishwa hadharani. Wauzaji wakilikuta kwenye karatasi nyingi, ujumbe utafika kiwandani.

Usiku ule wa Jumamosi rafiki yangu alirudi kutoka ukumbini akiwa amechoka, lakini hakwenda nyumbani. Tuliwasha intaneti ya simu, tukapakua RawTherapee, programu ambayo usomaji wake wa mafaili ghafi ulijengwa juu ya kazi ya Dave Coffin. Akaburuta faili la kwanza. Likafunguka. Akalitafuta lile la mwembe, akashusha mwanga wa shati mpaka vifungo vikaonekana, kisha akainua kivuli polepole. Uso ukaja: mashavu, mvi za kidevuni, na juu ya jicho la kushoto kovu refu.

Jumatatu mama alipoiona hakulia. Aliweka kidole juu ya lile kovu. “Hili alilipata kwa pembe ya dume la baba yake,” alisema. “Hata mimi nilikuwa nimelisahau.”

Rafiki yangu sasa hageuzi picha mpya tu. Kila jioni isiyo na kazi anatoa DVD kabatini, anageuza, anaandika kwenye daftari kubwa lenye kurasa za mistari: jina la harusi, mwaka, diski ilipo. Juzi nilikaa naye mpaka usiku wa manane. Tulimaliza harusi tano. DVD ya sita ilizunguka muda mrefu kwenye mashine, ikalia, ikagoma. Aliifuta kwa kitambaa, akajaribu tena mara tatu, kisha akaandika jina la maharusi kwenye daftari na mbele yake akaacha nafasi tupu.